Mdomo wa Lidia

Sogea hapa karibu na jiko nikutegee kimoja, na usijibu mbiombio kama mwanafunzi anayetaka kwenda kucheza. Nyumba yangu ina mlango mmoja tu. Nikiufunga kwa hasira, watu wanakuja kuugonga na kuniuliza kuna nini. Nikiufunga kwa adabu, watu wanapiga vigelegele na kwenda zao. Mlango gani huo?

Umesema kaburi? Acha uchuro. Umesema choo? Choo ni chako wewe. Umeshindwa, basi nipe mji. Usinipe Songea, Songea nimeshapewa na wajukuu wote mpaka nimechoka kuitawala. Nipe Kitai. Kitai ni padogo, lakini mabasi yanasimama pale, nitauza mahindi ya kuchoma na chai ya rangi. Haya, nimekwenda Kitai, nimekula, nimeshiba, nimerudi na mkia wa kuku mkononi. Mlango ule ni mdomo. Na aliyeufunga ni mjukuu wangu Lidia.

Lidia ni mtoto wa kwanza wa mwanangu Tobias. Mama yao alifariki wakati mdogo wake Lidia, Herieth, akiwa bado ananyonya, kwa hiyo wote wawili nimewalea mimi, hapa hapa Mbuji, katikati ya kahawa na mashimo ya ngolo tunayolimia mahindi. Lidia alipomaliza kidato cha nne hakufaulu vizuri, lakini hakukaa bure. Alikwenda kuwasaidia masista kwenye chekechea ya parokia. Mtoto akilia kwamba anataka kwenda kwa mama, Lidia anachuchumaa mbele yake, analia naye kwa sauti kubwa kumshinda, mpaka mtoto anashangaa na kunyamaza. Sista mkuu alisema mwakani atampeleka akasomee kazi ile. Lidia akaja kuniambia anaruka ruka kama mbuzi aliyekula chumvi.

Mwaka ule ule mashine ya kusaga ya hapa kijijini ikaharibika. Akaitwa fundi kutoka Mbamba Bay, kijana anayetengeneza injini za boti kule ziwani, anaitwa Urbani. Alilala kwa Tobias, akala kwa Tobias, na Lidia ndiye aliyemnawisha mikono. Mashine ikapona. Urbani akarudi ziwani, na baada ya mavuno wakaja watu wake kuleta posa.

Sina neno baya juu ya Urbani, na mpaka leo sina. Si mlevi, anasali, salamu yake haina haraka. Ingekuwa rahisi kama angekuwa mtu mbaya.

Sasa nikueleze tunavyofanya kwetu. Posa ikija, binti anaitwa sebuleni, anapiga magoti kwenye mkeka, na baba yake anamuuliza mbele ya wageni: wageni hawa tuwapokee? Binti hajibu. Anatazama chini na kuvuta mdomo, ananuna kabisa. Akisema ndiyo kwa sauti, watasema alikuwa anamsubiri mwanamume barabarani. Akisema hapana, amemvua baba yake nguo mbele za watu. Mimi nimeishi miaka yangu yote hapa na sijamsikia hata mmoja aliyesema hapana. Kwa hiyo kununa kule ndiyo ndiyo yetu. Kadiri binti anavyonuna vizuri, ndivyo wageni wanavyoona ametoka nyumba ya watu.

Siku ile Tobias alikuwa amevaa koti la ndoa yake. Akakohoa, akasema, "Lidia mwanangu, wazee hawa wametoka ziwani. Wanasema wameona jiko hapa kwetu. Tuwapokee?"

Lidia akatazama chini. Mdomo ukatoka mbele. Ulitoka, ukatoka tena.

"Mama yangu!" akasema binti yangu Devotha, shangazi yao, ambaye ndiye msimamizi wa mambo yote ya mwali katika ukoo wetu. "Mwangalieni! Huyu nimemfunda mimi."

Wageni wakacheka kwa furaha, vigelegele vikapigwa, pombe ya ulanzi ikatolewa. Herieth akapiga picha kwa simu ya baba yake.

Picha ile ikatumwa kwenye kundi la simu la ukoo, huko wanakojibizana mpaka walio Dodoma. Kesho yake Herieth akaniletea simu jikoni anacheka.

"Bibi, ona Praygod alivyoandika. Anasema pauti ya hatari!" Praygod ni mtoto wa kaka yake Tobias, anafanya kazi huko Dodoma.

"Pauti ni nini? Ni ugonjwa?"

"Bibi jamani! Ni Kiingereza. Ni kufanya hivi." Akasukuma midomo mbele kama mtu anayepuliza moto wa kuni mbichi.

"Huko ni kununa."

"Ndiyo, lakini siyo. Wasichana siku hizi wakipigwa picha wanapiga pauti. Ni urembo, bibi. Midomo inakuwa minene, mashavu yanaingia ndani."

"Kwa hiyo Praygod anamsifia dada yako kwamba kapendeza."

"Eee."

"Na huyo Mwingereza mwenye neno lake, naye anasema ni urembo?"

Herieth hakuwa na uhakika. Nikamwambia alete kamusi yake ya shule, ile ambayo jalada lilishang'oka nikaishona kwa uzi wa gunia. Mimi niliishia darasa la saba na Kiingereza changu ni cha kuhesabu moja mpaka kumi, lakini napenda kamusi. Kamusi ni kama mtu anayetega vitendawili kisha anajijibu mwenyewe. Herieth akatafuta kwa kidole, akasoma, akanitafsiria. Ilisema ni kusukuma midomo mbele, hasa wa chini, kuonyesha kwamba umeudhika au umenyimwa kitu. Kisha ikasema, au kufanya hivyo ili uonekane unavutia. Na mfano wake: mtoto alivuta mdomo aliponyimwa peremende.

"Rudia pale penye kuudhika," nikamwambia.

Akarudia.

"Sasa Waingereza wakimwona mtu ameweka mdomo hivyo, wanajuaje kama kaudhika au anajipamba?"

"Mh. Labda wanamtazama macho. Au wanamuuliza, bibi."

"Wanamuuliza," nikasema.

Sisi maneno yetu ni mengi kuliko lao moja. Kuna kununa, uso wote unashiriki. Kuna kubetua mdomo, hiyo ni dharau, ukimfanyia mkwe umekwisha. Kuna kufura, mashavu yanakuwa kama maandazi. Kuna kususa, hiyo ni ya mikono na miguu: sahani unaiacha, unaondoka. Nikaanza kumpanga Lidia katika maneno hayo, nikaona hakai. Hakususa, maana chakula alikula. Ila alikula kama mtu anayepakia mzigo kwenye gari la mtu mwingine. Nikamwambia Herieth aikuze ile picha. Akaivuta kwa vidole mpaka uso ukajaa kioo chote. Macho ya Lidia hayakuwa yanatazama mkeka, kama tunavyowafundisha. Yalikuwa yanatazama miguu ya baba yake.

Huenda utaniuliza, wewe bibi mwenyewe hukununa? Nilinuna! Nilinuna mpaka wakanitungia wimbo. Lakini marehemu babu yao nilimtaka tangu siku aliponisaidia kutwika kuni, na siku ya posa nilikuwa nimeuma mashavu kwa ndani nisije nikacheka mbele ya baba. Najua kununa kwa mtu mwenye furaha kunavyouma mashavu. Ile ya Lidia haikuuma mashavu. Ilikuwa imetulia pale usoni kama mtu aliyefika kwake.

Nikamfuata kwenye kichanja cha kahawa. Alikuwa anachambua punje mbovu na kuzitupa chini. Nikaanza kuchambua upande wangu, maana watu wa nyumba moja wakitazama kazi ndipo wanapoweza kusemezana.

"Mke mwenzangu," nikamwita, ndiyo utani wetu, "umenipita kwa kununa. Wimbo wangu wataufuta."

Hakucheka.

"Lidia. Mdomo ule wa jana. Ulikuwa wa wageni, au ulikuwa wako?"

Mikono yake ikasimama. Akainua uso, akanitazama, na nikaona midomo inaachana kidogo kidogo. Nakwambia ilikuwa inaachana. Hapo nyuma yangu ikasikika sauti.

"Shikamoo mama! We mwali, unafanya nini juani?" Ni Devotha, na kapu lake kichwani. "Posa ikishapokelewa mwali haongei na mtu mpaka siku ya vitenge. Mama, na wewe unajua kabisa."

"Marahaba. Nilikuwa namuuliza kitu kimoja tu."

"Kitu gani?"

"Kama anataka kwenda."

Devotha akatua kapu. Alinitazama kama mtu anayemtazama mzee aliyevaa kanga kichwa chini. "Mama, swali gani hilo? Ukimuuliza hivyo atalia. Akilia macho yatavimba. Macho yakivimba picha zitaharibika, na mpiga picha ameshaitwa kutoka Mbinga mjini." Akamshika Lidia mkono, akamwingiza ndani, kwenye chumba cha mwali. Tangu siku ile Devotha alilala naye, alikula naye, na mimi nilipoingia kumsalimia tulikuwa watatu chumbani, na mwali haongei.

Nikamwendea Tobias shambani. Alikuwa anakata majani ya ngolo, jasho linamtiririka, anapiga mluzi. Mwanangu huyu hakuwa amepiga mluzi tangu afiwe na mke.

"Tobias, sogeza harusi mbele kidogo. Mtoto simwelewi."

"Ana nini, mama?"

"Amenuna."

Alicheka mpaka akaegemea jembe. "Mama! Umeona wapi mwali wa kwetu anayechekacheka? Si ndiyo utaratibu wenyewe?"

"Kuna kununa na kununa."

"Haya niambie. Wewe siku yako ulinuna?"

"Nilinuna."

"Watu wa Ukata mpaka leo wanauimba ule wimbo. Sasa, ulikuwa humtaki baba?"

Jua lilikuwa linanipiga machoni. "Nilimtaka," nikasema.

"Umeona basi." Akashika jembe lake tena. Halafu akasema kwa upole, "Mama, mimi nimeishi na hawa watoto bila mama yao. Nikilala nawaza, nikifa leo nani atawaona? Urbani ni mtu. Ana ufundi mkononi. Mwache mtoto wangu apate kwake."

Nilirudi nyumbani mikono mitupu. Kila nilichokishika kumtetea mtoto, kilikuwa kinanigeukia. Nikisema amenuna, wanafurahi. Nikisema amenuna mno, wanafurahi zaidi.

Ikafika siku ya vitenge. Hii ndiyo siku ya kufungua mdomo. Mwali anakalishwa uani kwenye kiti, amefunikwa kanga, anafunuliwa, na wanawake wa upande wa mume wanakuja wakicheza, kila mmoja anaweka kitenge mapajani mwake na kumbembeleza acheke. Mwali wa hovyo anacheka kitenge cha kwanza. Mwali wa maana anawasumbua. Akicheka, mdomo umefunguka, sasa ni mke wao, na vile vitenge vinakuwa vya mashangazi na bibi zake.

Mama yake Urbani anaitwa Vitalia. Mwanamke mnene, mcheshi, anacheza kwa mabega. Akaweka cha kwanza. "Mwanangu, kwetu kuna samaki wa kila aina, hutakula majani tena!" Watu wakacheka. Lidia kimya, mdomo mbele. Cha pili. "Mwanangu, mume wako anakoroma, lakini injini ya boti inakoroma zaidi, utazoea!" Kicheko. Lidia kimya. Mpiga picha anazunguka, anapiga magoti, anasema, "Hapo hapo bibi harusi, pauti hiyo hiyo, usiiachie!" Vitenge vikapanda mpaka vikamfika kifuani. Wanawake wa kina Urbani wakaanza kutazamana. Wetu wakaanza kujivuna.

"Leo mtarudi ziwani mmevaa majani ya migomba!" akapiga kelele Devotha.

"Tumebakiwa na kimoja!" akajibu Vitalia, anahema. Akakiweka. Lidia kimya.

Hapo ndipo Vitalia alipofanya jambo ambalo bado linasimuliwa Mbuji. Alifungua kitenge alichojifunga kiunoni juu ya gauni lake, akakiweka juu ya vingine vyote, akapiga magoti mbele ya mtoto wetu. Kelele zilizopigwa hapo, kuku wote waliingia kwenye migomba. Wanawake wanagaagaa chini. "Kafundwa! Kafundwa!" Wengine wanalia kwa raha. Na yule mtoto amekaa nyuma ya mlima ule wa nguo, yanaonekana macho na mdomo tu, na kati ya watu wote wale hakuna hata mmoja aliyewaza kwamba anakataa.

Vitenge vikiisha na mwali hajacheka, utaratibu ni kwamba bibi yake anainuka, anamgusa midomo kwa kidole, anawaombea wakwe. Wakaniita. Nikainuka. Nilifikiri, Mungu amenipa nafasi. Nikainama mpaka sikio lake likawa kwenye mdomo wangu, nikamwambia, "Sema sasa. Mimi nipo hapa, hakuna atakayekugusa. Sema."

Nikamgusa midomo.

Macho yake yakanipita begani. Yakamtafuta baba yake. Tobias alikuwa amesimama mlangoni na koti lake, machozi yanamshuka, anatabasamu, anajifuta kwa mkono wa koti. Lidia akamtazama. Midomo yake ikaanza kutetemeka chini ya kidole changu, pembe zake zikavutika pande zote mbili, kama ngozi ya ngoma inapowambwa.

"Amecheka!" wakapiga kelele.

Mimi nilikuwa karibu kuliko wote. Nikageuka nikasema, "Ngojeni." Nikasema tena kwa sauti yangu yote, "Ngojeni jamani!" Ngoma zilikuwa zimeshaanza. Vitalia akanikumbatia, akanizungusha, akaniweka pembeni kama mtungi, na nilipogeuka Lidia alikuwa ameshanyanyuliwa juu, kiti na yeye, mpiga picha anakimbia mbele anarudi kinyumenyume.

Kanisani Padre aliwauliza kama wamekuja kwa hiari yao bila kulazimishwa. Urbani alisema ndiyo, kanisa likasikia. Lidia midomo yake ilicheza, kipaza sauti hakikunasa kitu, na watu wakacheka kwa upendo, wakasema bibi harusi ana aibu. Padre alikuwa karibu, akaitikia kwa kichwa kwamba amesikia.

Jioni ile ile gari likashuka naye ziwani.

Mimi nilikwenda kumtembelea mwaka uliofuata, kahawa ilipokwisha kuchumwa. Kutoka Mbinga kuteremka Mbamba Bay barabara siku hizi ni lami, inajikunja kunja, mpaka unaliona ziwa chini huko limelala, na masikio yanaziba. Nilimkuta amesimama kituoni kunisubiri. Alinipokea mfuko, akapiga goti, "Shikamoo bibi!" Na anacheka.

Alicheka njia nzima. Aliwasalimia wauza samaki anacheka, akamsalimia mwenye duka anacheka. Nikasema moyoni, ee Mungu, labda mimi ndiye niliyekosea, labda ilikuwa desturi tu kama wote walivyosema, na mtoto amefurahi. Nikatembea nimepona miguu.

Vitalia alinipokea kwa ugali wa muhogo na samaki, akakaa mkekani ananikandakanda magoti. "Mama, mlitupa mke wa namna gani huyu! Siku ile alininunia mpaka nikabaki na gauni tupu. Sasa hajui kabisa kununa! Mume akichelewa kurudi, anacheka. Ugali ukiungua, anacheka. Mvua ikiingia ndani, anacheka. Hata ile mimba ya kwanza ilipotoka..."

"Mimba gani?"

"Hawakuwaambia? Alisema msisumbuliwe. Ilitoka, mama, ilikuwa imeshakua. Watu wakaja kutoa pole. Yeye ndiye aliyekuwa anawakaribisha, anawapa viti, anatabasamu. Kila mtu akasema, huyu binti ana imani." Akanipigapiga goti. "Mmetulelea, mama. Asante."

Nikaomba maji. Lidia akayaleta, anacheka.

Sasa nilimtazama vizuri. Kicheko chake hakikuwa na kuanza wala kuisha. Mtu akicheka, uso unapanda kisha unashuka, unapumzika. Wake haukushuka. Akiinama kupuliza moto upo. Akifikiri hakuna anayemwona upo. Nilimkumbuka akiruka ruka na habari yake ya masista, nikautafuta uso ule katika huu sikuupata.

Alasiri tukaenda ufukweni kugeuza usipa, wale dagaa wetu wa ziwa, wanaokaushwa juu ya vichanja vya matete. Vitalia alibaki nyumbani. Nikaona nafasi imerudi.

"Mke mwenzangu," nikasema. "Masista walimpata mwingine wa chekechea. Lakini walikuulizia."

"Wasalimie sana," akasema. Anageuza samaki kwa viganja, haraka haraka, wanang'aa kama fedha kote.

"Ukitaka kupumzika nyumbani kidogo, baba yako hatakufukuza."

"Bibi, mke anaenda kupumzika kwao kwa sababu gani? Sijapigwa. Sijanyimwa chakula. Nitawaambia nini?"

"Utawaambia hutaki."

"Vitenge je?"

Mke akitaka kutoka, vitenge vya mdomo vinarudishwa vyote, kimoja kimoja, kama vilivyokuja. Hiyo nayo ni kwetu. Na mimi nilijua viko wapi. Devotha alishona suti mbili akaenda nazo kwenye ubatizo huko Mbinga. Mashangazi wengine walishavikata vya kubebea watoto. Kimoja alizikwa nacho dada yangu Hildegardi. Kile cha kiunoni mwa Vitalia nilipewa mimi kwa heshima, na siku ile ufukweni ndicho nilichokuwa nimevaa.

"Nitawazungukia," nikasema. "Nitavitafuta."

"Bibi." Akanitazama kwa huruma, yeye akinionea huruma mimi. "Vimeshavaliwa."

Akaja Urbani, mikono imejaa grisi, ameshika soda ya baridi. "Shikamoo bibi. Nimeona jua kali nikasema bibi yangu wa milimani ataungua." Akaifungua kwa meno, akanipa. Akamgeukia mkewe. "Umechoka?"

"Sijachoka," akasema Lidia, anacheka.

"Unamwona bibi? Hivi ndivyo alivyo kila siku," akasema Urbani, na uso wake ulikuwa umejaa shukrani kabisa. "Sijui nilimpa nini Mungu." Akarudi kwenye boti zake, anatembea taratibu, ameridhika.

Tulibaki tunageuza. Upepo wa ziwa ulikuwa unapiga, harufu ya samaki imetujaa nguoni. Tulimaliza kichanja kimoja, tukaingia cha pili. Nilikuwa nimeshachoka kuuliza, na soda imekuwa ya moto mkononi.

"Bibi," akasema, hakuinua kichwa. "Lile swali lako la kwenye kahawa, la mdomo ule ni wa nani. Shangazi alipotukatisha."

"Ee, mwanangu."

Mbele kidogo wanawake wawili walipita na ndoo zao, wakamwita jina, akawapungia mkono. Akasubiri wapite. Kisha akanigeukia, meno yote nje, uso umeng'aa kama wa mtu aliyepewa zawadi.

"Ulikuwa wangu."